Paa la Nkwimba

Hapo zamani, wakati bati halijajulikana wala msumari, palikuwa na nchi ya tambarare iliyoezekwa kwa nyasi toka mwanzo hadi mwisho wake. Sogeeni. Na wewe uliyekuja kusinzia, kalale kwenu, maana mwisho wa maneno haya nitawauliza neno moja, na aliyelala hana haki ya kujibu.

Katika nchi hiyo nyumba zilikuwa za msonge, za mviringo, na paa lilisukwa chini, uwanjani. Likiisha kusukwa hupigwa mbiu, wanaume thelathini wakaja, wakaliinua lote kwa mara moja, wakaivika nyumba kama mtu avaavyo kofia. Mume alikata fito. Mke alikata nyasi, akazifunga matita, tita kwa tita, fundo kwa fundo. Ukimwuliza mtu wa kule nyumba hii ni ya nani, hatakutajia jina moja. Atakwambia, kuta za fulani, nyasi za fulani. Kuta za mume, nyasi za mke.

Kijiji cha Isela alikaa mtu mmoja akiitwa Lugembe. Hakuwa tajiri, hakuwa fundi, na maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida. Mke wake, Nkwimba, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na akiba ikabaki. Huyo Nkwimba alikuwa wa mkono wa kushoto. Mafundo yake yote yalilala upande ambao mafundo ya wenzake hayalali, na wanawake wa Isela walimcheka kisimani: "Nkwimba, nyumba yako imevaa nguo nje ndani!" Naye huwajibu, "Ivuje kwanza, ndipo mcheke." Miaka sita haikuvuja. Walikuwa na binti mmoja, Holo, wa miaka mitano, aliyekuwa na mdomo wa mama yake.

Basi siku moja mwishoni mwa kiangazi, nyasi zimekauka, mbingu ikageuka rangi ya nyongo. Upepo ukakata kabisa. Kisha kikashuka kisulisuli. Sisi sote tunakijua kisulisuli, kile cha vumbi ambacho watoto hukikimbilia wakicheka. Hiki hakikuwa cha kukimbiliwa. Wala hakikuwa kimoja. Vilishuka saba, tangu asubuhi hadi jua kuzama, kimoja kinaaga na kingine kinabisha hodi. Vilipita katika nchi ile vikibeba vihenge vya mtama na mtama wake, vikipandisha ndama juu ya miti, vikibomoa mlango huu na kuuacha ule. Kijiji cha Bugandika jogoo alinyonyolewa manyoya yote, akabaki anawika uchi. Mnacheka. Na wao walicheka, baadaye sana.

Lugembe alikuwa mtoni na Holo, wananywesha ndama. Nkwimba alikuwa nyumbani. Jirani aliyejilaza mferejini ndiye aliyeona yote. Alisema paa lilipoanza kunyanyuka, Nkwimba hakukimbia. Alitoka nje, akaudaka ukingo wa paa kwa mikono miwili, kama mtu anayemdaka mbuzi anayetoroka, akapiga kelele, "Hili silitoi! Hili silitoi!" Paa likapanda. Nkwimba naye akapanda.

Walimkuta kesho yake ng'ambo ya mto, katika shamba la mtama, amelala kifudifudi. Ngumi zake zilikuwa zimefumba. Lugembe alipozifumbua, katika kila ngumi mlikuwa na konzi ya nyasi.

Watu husema kifo cha wengi harusi. Aliyesema hivyo hakuwahi kuchimba. Isela ilizika watu kumi na tisa kwa siku nne. Lugembe alichimba kaburi la mkewe, akalifukia, akaazima jembe lingine kwa kuwa la kwanza lilivunjika mpini, akaenda kuwachimbia wengine. Wazee, vijana, wanawake, wote walifanya kazi hivyo hivyo. Hawa wanafukua kuta, hawa wanaokota mtama punje kwa punje katika vumbi, hawa wanashusha ndama mitini. Vijiji vya mbali ambavyo upepo haukuvigusa vilileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mizigo kwa mizigo vichwani. Hakuna aliyelala na njaa. Hilo niliseme, maana ni haki yao kusemwa.

Lakini paa hakuna. Visulisuli vilipopindua mafiga, moto ulitawanyika, ukashika mbuga kavu, ukala nyasi zote za kuezekea hadi mahali macho yanapokoma. Nyasi mpya hazitaota mpaka mvua inyeshe, na hazitakomaa mpaka mvua iishe. Na mvua ilikuwa mlangoni. Watu walichimba mashimo, wakafunika ngozi za ng'ombe. Ngozi zilikwisha kabla ya watu.

Siku ya tano, mama yake Nkwimba, bibi mmoja mkavu asiyependa maneno ya kuzunguka, alimwita Lugembe. Alikuwa amekaa kando ya kaburi tangu siku ya kwanza, na chakula alichopelekewa alikigawa kwa watoto.

"Mkwe wangu," alisema, "mwanangu hajaliliwa."

"Najua, mama."

"Mawingu unayaona?"

"Nayaona, mama."

Nisimame hapa niwaeleze, maana nyinyi mmezaliwa juzi. Katika nchi ile kumlilia mwanamke si kupiga yowe njiani. Mwanamke huliliwa chini ya nyasi alizozifunga kwa mkono wake. Nduguze hulala chini yake siku tatu, wanamtaja, wanamwimba, wanamsema mema na mabaya yake. Siku ya tatu kilele cha paa hufunguliwa, naye hutoka kwa juu, anakwenda zake kwa wenzake. Paa likishafunguliwa, nyasi zake huachwa zikaoza, wala halali mtu chini yake tena. Na kilio hicho sharti kianze kabla ya mvua, hata kama paa limewekwa chini uwanjani. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya kaburi la mwanamke asiyeliliwa, inaosha jina lake. Halitajwi tena. Hakuna mjukuu atakayeitwa kwa jina hilo. Hata mwanawe hataruhusiwa kusema, mama yangu alikuwa fulani.

Lugembe alimtazama Holo. Mtoto alikuwa anawafundisha watoto wenzake wimbo wa mama yake wa kukatia nyasi, na katika wimbo ule Nkwimba alikuwa amejitaja jina mara nne.

Jioni hiyo alipita mbeba michembe mmoja, akasema, "Nyinyi mnalala mashimoni, na huko Bugandika kuna nyumba ina paa mgeni. Lilishuka kutoka mbinguni, likakaa juu ya ukuta barabara, kama limepimwa. Na mafundo yake, sijui aliyafunga nani. Yamelala kinyume."

Lugembe hakungoja kupambazuka vizuri. Alivuka mto, akatembea hadi jua likawa juu ya kichwa. Bugandika ilikuwa imelala chini yote, kuta, vihenge, miti, ila nyumba moja. Akaliona. Akalijua kabla hajalifikia. Alilizunguka polepole, mkono juu ya nyasi, akipapasa mafundo ya kushoto moja baada ya jingine, mpaka upande wa mashariki mkono wake ukazama. Hapo ukingoni palikuwa na mapengo mawili, nyasi zimenyofolewa konzi mbili, upana wa mabega ya mwanamke mmoja baina yake. Lugembe aliingiza mikono yake katika mapengo yale, akakaa hivyo. Alilia hapo kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa alijua ni wapi hasa alipokuwa ameshika.

"Wewe!" sauti ikamwita. "Mwizi wa mapaa mchana kweupe!"

Alikuwa Shigela, mtu wa Bugandika, mkono wa kulia umefungwa kwa vipande vya miti kifuani. Na ukoo wa Shigela na ukoo wa Lugembe ni watani. Mnajua mtani: hata msibani halegezi, atakudai mbuzi juu ya jeneza la baba yako, na huna haki ya kukasirika. Basi Shigela akamtambua kwa chale za ukoo, akachangamka.

"Kumbe ni nyinyi, watu wa Isela, mfungao nyasi kama mnafunga kuni! Limewakimbia, eh? Hata mimi ningekuwa paa la nyumba yenu ningekimbia. Mkeo yuko wapi aje nimfundishe kufunga?"

"Amekufa," Lugembe alisema. "Alilishikilia hili."

Shigela alifungua mdomo. Ilikuwa haki yake kutania, tena wajibu wake. Mtani wa kweli angejitupa chini na kudai apewe urithi. Huyu hakudai kitu. Akaketi vumbini, akaushika mkono wake mbovu kwa mkono mzima, akasema, "Basi, mtani, tumefika mwisho wa utani." Lugembe akaketi kando yake. Kisha, kutoka ndani ya nyumba, Lugembe akasikia mtoto mchanga akilia.

"Ni nani humo?"

"Minza," alijibu Shigela. "Na binti yake wa siku sita."

Hebu sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Minza mumewe alikwenda chumvini, safari ya miezi mitano, akamwacha na mimba. Siku ya visulisuli uchungu ulimshika asubuhi. Kisulisuli cha kwanza kilichukua paa lake mwenyewe na mkunga akakimbia. Minza akabaki ndani ya kuta nne za mviringo, kama mnaniruhusu kusema hivyo, anaitazama mbingu, vigae na matawi vinapita juu yake. Kisulisuli cha tatu kikaja na paa la Nkwimba, kikaliweka juu yake taratibu. Msiniulize ilikuwaje. Aliyekuwapo ni Minza, na Minza alikuwa amefumba macho.

Cha nne kikaja kulichukua tena. Shigela, jirani, alitoka mbio na kamba ya ng'ombe, akalizungushia paa kileleni, akaipitisha kamba mara mbili kwenye kisiki cha mninga, ncha akaizungusha mkononi mwake, akalala chini. Cha nne kikavuta. Cha tano kikavuta. Katika hicho cha tano, Shigela alimsikia baba yake akiita kutoka nyumba ya pili: "Shigela! Mwanangu, ukuta!" Humu ndani anasikia mwanamke anasukuma mtoto. Kule nje anasikia baba yake anaita. Akiiacha kamba, paa linakwenda. Hakuiacha. Baba yake aliita mara tatu. Mara ya nne hakuita. Cha sita kilipovuta, mfupa wa mkono wa Shigela ulikatika, na kamba haikuachia. Cha saba kilipita mbali, na mtoto akazaliwa.

Basi, Lugembe alipokwisha kusikia hayo akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimekuja kuchukua paa langu."

"Langu," alisema Shigela, naye kwa sauti ndogo.

"La mwanangu," ilisema sauti ya Minza kutoka ndani ya ukuta.

Hawakugombana. Mngependa wagombane, hadithi ipate moto, lakini hawakuwa na nguvu hizo. Waliita mtemi, mtawala wa nchi ile, wakangoja. Mama yake Nkwimba akaja kutoka Isela akimshika Holo mkono. Mama yake Shigela akatolewa shimoni alimolala tangu azike mume wake, kikongwe kipofu, akaketishwa juani. Mtemi alifika baada ya siku mbili, mtu wa makamo, malengelenge mikononi kama mtu mwingine yeyote, kwa maana naye alikuwa akizika. Wanaume thelathini wakaitwa, wasimame kuizunguka nyumba, ili neno likikatwa paa liinuliwe au liachwe, shauri liishe kabla ya mvua. Mawingu yalikuwa yamefika nusu ya mbingu.

"Aseme mwenye nyasi," mtemi aliamuru.

Lugembe akasimama. Akatafuta maneno, na wa kumtafutia hakuwapo.

"Mtemi, sina mengi. Fito ni zangu, nyasi ni za mke wangu. Fundo la kushoto kila mtu alijua ni la nani. Alilishika paa hili hadi akafa, na nyasi hizi nimezitoa ndani ya ngumi zake." Akafungua mfuko wa ngozi, akaonyesha. "Siwaombi kulala chini yake milele. Naomba siku tatu. Nisipolipata, mvua itaosha jina lake, na huyu," akamshika Holo kichwani, "huyu hatakuwa na mama hata wa kumsema. Mimi nilikuwa mtoni, sikumshika. Niacheni nilishike jina. Paa ni langu."

Watu wakasema, "Ni kweli. Marehemu huliliwa chini ya nyasi zake." Wanaume thelathini wakatemea mate viganja.

"Aseme mwenye kuta," mtemi aliamuru.

Minza hakutoka. Mzazi wa kule hatoki mpaka kitovu kidondoke na mwezi uandame, wala mfiwa haingii kwake ndani, maana kifo na kuzaliwa havilali nyumba moja. Ndiyo maana Lugembe alikuwa amelipapasa paa la mkewe nje tu, hajaliona kwa ndani. Minza alisema akiwa nyuma ya mlango, mtoto ziwani, na sauti yake ikakatika kila mtoto alipovuta.

"Mtemi, sina mengi. Sikumwita mgeni huyu. Nilikuwa nimelala chini ya mbingu, na mbingu ilikuwa inaanguka, nikafunikwa. Binti yangu amelia kilio chake cha kwanza chini ya nyasi hizi. Sheria mnaijua. Paa lililosikia kilio cha kwanza haliguswi mpaka mtoto aote jino. Likiondolewa, mvua itamwingia, na mwili wake ni wa siku nane. Mimi mwenyewe damu haijakauka. Mkilibeba, tubebeni na sisi mtuzike papo hapo. Paa ni la mwanangu."

Watu wakasema, "Ni kweli. Paa la mchanga haliguswi." Wanaume thelathini wakafuta viganja.

Minza akaongeza, "Baba Holo, unanisikia? Ukituachia, nitampa mwanangu jina la mkeo. Ataitwa Nkwimba. Jina litaishi."

Hapo Lugembe akauinua uso. Moyo wake ulikimbilia neno lile mbio. Lakini mama yake Nkwimba alisimama, mifupa ikalia.

"Usimvike mtoto mchanga sanda," alisema. "Jina la asiyeliliwa halivaliki. Mwenyewe bado amelishika, yuko njiani anatangatanga nalo. Utalivuta kwake na yeye atalivuta kwako, na katikati yuko mtoto. Nakushukuru, mwanangu. Lakini hapana."

Watu waliokuwa wamepumua wakajuta kupumua.

"Aseme mwenye kamba," mtemi aliamuru.

Shigela akasimama. Mtu huyu alikuwa na maneno mengi maisha yake yote. Siku hiyo aliyatumia machache.

"Mtemi, na mimi sina mengi. Kitu kilichonyakuliwa na moto, maji au upepo si cha mwenyewe tena. Ni cha aliyekinyang'anya kutoka kwa moto, maji au upepo huo. Hiyo ni sheria ya babu zako. Upepo ulimnyang'anya mtani wangu, ukamfunika Minza, ukarudi kuchukua. Ni nani aliyesimama baina yake na upepo? Mkono huu hautashika jembe tena. Lakini mkono si kitu. Nilimsikia baba yangu akiniita mara tatu, nami nikanyamaza kama si mwanawe." Akamnyooshea kidole kikongwe. "Yule pale ni mama yangu. Haoni. Anauliza kila siku kwa nini sikwenda. Nikimwambia nilikuwa nashika paa, anauliza, paa gani, mbona mimi nalala shimoni? Mvua ikija, shimo litajaa, na hataona maji yanakotoka. Hawezi kuingia kwa Minza, ni mfiwa. Nimetoa baba, nimetoa mkono. Nipeni cha kumfunika mama. Paa ni langu."

Watu wakasema, "Ni kweli. Kilichonyang'anywa upepo ni cha mnyang'anyi." Na wanaume thelathini sasa hawakujua wateme mate au wafute.

Paa ni moja. Marehemu hana jingine, mtoto hana jingine, kipofu hana jingine.

Mtemi akayatazama malengelenge yake. Kisha akasema, "Babu yangu alikuwa mtu mwema. Sheria ya marehemu aliiweka siku ya msiba. Sheria ya mtoto aliiweka siku ya furaha. Sheria ya upepo aliiweka siku ya hasara. Kila moja aliiweka kwa siku yake, wala hakufikiri kwamba siku moja zote tatu zitapiga hodi mlango mmoja. Nikilivua, nimemtupa mtoto mvuani. Nikiliacha, nimelifuta jina la mwanamke aliyekufa akilishika. Nikimnyima Shigela, siku nyingine upepo ukija hakuna atakayeshika kamba ya jirani. Mimi ni mtemi wa watu. Nani atakuwa mtemi wa hili?"

Akamgeukia Lugembe. Kwa nini Lugembe? Labda kwa sababu paa lilikuwa lake kwanza. Labda kwa sababu mtemi alikuwa amechoka, akatafuta wa kumpa mzigo. Hata watemi huchoka.

"Lugembe, mkeo alikuwa mtu wa namna gani?"

Lugembe hakuwa ameulizwa swali hilo tangu alipomzika. Watu walimwuliza amemzika wapi, amemzika saa ngapi, sanda alipata wapi.

"Alikuwa mbishi," alisema. "Alikuwa na kelele. Akipika ugali lazima amwite mtu aje ale, hata kama hautoshi, mimi ndiye nilale nimeshiba nusu. Na akishika kitu hakitoi." Kisha uso wake ukavunjika. "Ukimwuliza yeye, sijui atasema nini. Atasema mpeni mtoto. Au atasema, hili silitoi. Yote mawili ni yeye, mtemi. Nimekaa naye miaka sita, na sijui."

Mama yake Nkwimba alikuwa analia bila sauti. Kikongwe kipofu alimgeuzia uso, akaunyosha mkono hewani akiutafuta mkono wa mtu, na aliyekuwa karibu naye alikuwa Holo, akamshika. Ndani, mtoto wa Minza aliachia ziwa, akapiga chafya. Wanaume thelathini walikuwa wameshaweka mabega chini ya ukingo wa paa, kumi huku, kumi kule, kumi nyuma, wamekaza mapaja, wanangoja neno moja tu: inueni, au acheni.

Ndipo upepo wa baridi ukapita, ule unaotangulia mvua, na kila mtu akajua ni pumzi ngapi zimebaki. Mtemi akatutazama. Ndiyo, sisi. Mimi nilimjibu moyoni mwangu jawabu moja nilipokuwa kijana, jingine nilipozaa, na jingine nilipozika, na kila mara niliona waliobaki wawili wananitazama.

Sasa ni zamu yenu. Nkwimba yuko njiani na jina lake mkononi. Binti wa Minza ana siku nane. Mama yake Shigela anauliza, mbona mimi nalala shimoni? Matone yameanza mbali, yanaikaribia Isela, yanakuja. Msiniambie wagawane, paa halikatwi vipande vitatu. Msiniambie wangoje, mvua haingoji mtu.

Je, paa lile, nani alilistahili?